Andalusi Iliyoishia Sharafiya

Ninyi wenzangu wa kwaya mmeniuliza mara nyingi mno, na kila mara nimewajibu kwa mkato: Ulaya kuna baridi, picha zilipotea na simu, tutaongea siku nyingine. Nilidanganya. Sikufika Ulaya. Hata uwanja wa ndege wa Jeddah sikuuona. Nimeamua kuandika yote mara moja, yasomwe yaishe, na atakayetaka kuendelea kuniita Mama Spain aniite akijua anaita nini.

Mniwie radhi nikiandika kwa ukali. Nilitaka kusubiri hasira ipoe kwanza. Nimesubiri, haipoi.

Mezani, Al-Malqa

Mnajua nilikuwa Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, nyumbani kwa madam Nawal. Mumewe, aliyekuwa kafili wangu, yaani mwajiri ninayeishi nchini kwa jina lake, nilimwita baba. Watoto ni wawili, Lujain wa miaka kumi na sita na Reem wa miaka saba. Nilipika, nilifua, nilimfundisha Reem Kiingereza. Lakini madam alinichagua mimi kati ya wengi kwa sababu ya Kiswahili. Mama yake, Bi Zuwena, alizaliwa Unguja, akaletwa Arabuni msichana mdogo baada ya mapinduzi. Ana uraia, ana Kiarabu safi, ila uzee ulipomwingia alianza kurudi kwenye Kiswahili, na binti yake hakijui zaidi ya "njoo" na "lala". Bi Zuwena aliishi peke yake Jeddah. Kila siku baada ya alasiri madam alinipa simu niongee naye, halafu yeye akaendelea na mambo yake.

Likizo ya Andalusi ilizaliwa kwenye meza ya jikoni. Ni kusini mwa Uhispania, jua kama la Riyadh lakini lenye kivuli, alisema madam. Waislamu walitawala kule mamia ya miaka, wakaacha misikiti na makasri, na yeye alitaka watoto wake wayaone kwa macho. Kwa miezi miwili walipanga, na mimi nilipanga nao. Nasisitiza: nilikaa nao mezani. Madam alinivutia kiti mwenyewe. Lujain alikuwa na kompyuta, ananiuliza, "Mwende, nyumba yenye bwawa la kuogelea au yenye michungwa?" Nikasema michungwa. Wakachukua ya michungwa, nyumba nyeupe kijijini, juu ya kilima, mwendo mfupi kutoka Granada.

Lujain akachora vyumba kwenye karatasi na kuandika majina. Juu, baba na madam. Mkabala, yeye na Reem. Chini, karibu na jiko: Bibi na Mwende. Karatasi ikabandikwa kwenye friji, na kila nilipotoa maziwa nilisoma jina langu.

Kwenye simu nilimweleza Bi Zuwena yote. Alikuwa na maswali yake. "Kwenye hilo kasri kuna pahala pa kukaa, au mtu husimama tu?" Nikamuuliza Lujain, Lujain akatafuta, nikamjibu kwamba kuna viti vya mawe uani, kandokando ya maji. "Basi vizuri. Mawe hayanishindi." Akaniambia amenunua viatu vipya, vya ngozi, visivyo na kamba. Akaniambia marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa historia, na habari za Granada alimsimulia mpaka akachoka kuzisikia. "Sasa nataka nikahakikishe kama alikuwa hanidanganyi."

Nami nikawaambia ninyi. Mkaniombea mbele ya kanisa zima, mnakumbuka.

Riyadh hadi Jeddah, kwa gari la baba

Ndege ilikuwa iondokee Jeddah, ili tumchukue Bi Zuwena. Tulitoka Riyadh alfajiri, watu watano na masanduku saba. Mimi nilikaa kiti cha nyuma kabisa, magoti yakigusa begi la mchele, maana madam hakuuamini mchele wa Wazungu. Kilomita zaidi ya mia tisa za jangwa, nyaya za umeme na ngamia wachache waliosimama kana kwamba wanasubiri mtu.

Nilikuwa na furaha, acheni niseme hivyo. Madam alikuwa mkarimu kupita kawaida siku ile. Kila kituo cha mafuta aliniuliza ninataka nini. Akaninunulia juisi ya embe, akaninunulia mishikaki, akaniambia nipumzike, Reem atajiangalia mwenyewe. Niliona ni raha ya likizo. Lujain naye, anayependa kunichokoza, alinyamaza njia nzima. Kwenye kituo kimoja nilimkuta amejiegemeza kwenye ukuta wa choo analia. Nikamuuliza ana nini. Akasema tumbo. Nikamnunulia mtindi, nikampapasa mgongo. Fikirini, nilimbembeleza.

Karibu na Makka njia inagawanyika. Wasio Waislamu hawaruhusiwi kuingia mji ule, kwa hiyo baba alipinda njia ya kuzunguka kwa ajili yangu. Hakulalamika. Nikamwombea baraka moyoni.

Jeddah walilala hotelini, karibu na bahari. Mimi nilishushwa Sharafiya kwa Bi Zuwena, nimsaidie kufunga mizigo.

Sharafiya, mlangoni

Bi Zuwena anakaa ghorofa ya tatu, juu ya duka la simu na ofisi ya kutuma pesa. Lifti imekufa zamani. Mama wa miaka sabini na kitu, kila asubuhi anashuka kwa fimbo kununua mkate, anapanda tena, akipumzika kila ghorofa na kuwasalimia Wafilipino wa ghorofa ya pili. Ziwekeni akilini ngazi hizo.

Mpango ulikuwa huu: baba awapeleke watoto na masanduku uwanja wa ndege, kisha saa nne na nusu gari lije kutuchukua sisi wawili. Saa mbili Bi Zuwena alikuwa tayari. Amevaa buibui jipya na vile viatu, mkoba wa dawa mapajani, amekaa kwenye kiti alichoniambia nikiweke pale pale mlangoni, "ili wasipande bure". Mimi nilikalia sanduku langu.

Saa nne na nusu ikapita. Saa tano. Nikapiga simu, haikupokelewa. "Foleni," alisema Bi Zuwena. "Jeddah hii ya leo ni foleni tupu." Saa sita nikapiga tena. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, akavua viatu, akaswali juu ya kiti, akaniomba nimvishe tena.

Saa saba na nusu ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa madam. Niliufungua kwa sauti kubwa kwa sababu nilidhani ni habari ya gari. Nyuma yake yalisikika matangazo ya uwanja wa ndege. Alisema, kwa Kiarabu cha upole sana: "Mwende, habibti, tumeona safari itamchosha Mama. Kule kuna vilima na ngazi. Kaa naye, wewe ndiye unayejua lugha yake. Kuna kuku kwenye friji. Tutarudi baada ya siku kumi na mbili. Mwambie taratibu, asije akapandwa na presha."

Nimwambie taratibu. Wao walishindwa kumtazama usoni mama yao, wakaniachia mimi. Na alikwisha sikia kila neno, kwa lugha anayoijua kuliko mimi.

Baada ya dakika chache Lujain akaniandikia: "Nisamehe. Mama alinikataza kusema. Viza yako haikuombwa kamwe." Nilisoma maneno hayo mara tatu, nikaielewa ile meza ya jikoni. Hawakunidanganya mimi kwa sababu yangu. Mimi si mtu wa kudanganywa miezi miwili. Ningeambiwa tu "unabaki", na ningebaki. Walihitaji niamini, ili kila jioni nimwaminishe Bi Zuwena. Kwa nini walitaka aamini? Ili anyamaze. Mwaka mzima alikuwa akiuliza lini atachukuliwa kwenda Riyadh, na kwa miezi miwili hakuuliza.

Bi Zuwena alikaa pale mlangoni mpaka alasiri. Kisha akasema, "Nivue viatu."

Kituo cha basi, Jeddah

Asubuhi ya pili nilimkuta amevaa, sanduku lake limefungwa.

"Tunakwenda Riyadh," akasema.

"Kufanya nini, Bibi?"

"Nnataka wanikute mule ndani. Nyumba ile imejengwa mwaka wa sita huu, nimelala siku nne. Kila nikisema nakuja, naambiwa ngazi. Baraza ya wageni iko chini, haina ngazi hata moja. Nitakaa hapo mpaka warudi."

"Madam amesema tukae hapa."

"Nawal nimemzaa mimi."

Nikamweleza kwamba yeye ana uraia, mimi nina ikama tu, kile kitambulisho cha mgeni, na kuifuta au kuiacha kuko mikononi mwa baba. Nikitoka bila ruhusa anaweza kuniripoti kwamba nimetoroka, nikakamatwa njiani kama mhalifu. Ilibaki miezi minne nimalize mkataba.

"Mwambie mimi nimekuamrisha," akasema. "Usipokwenda, nakwenda peke yangu. Nchi hii naijua tangu hujazaliwa."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kufunga mlango na kuficha ufunguo, na angekasirika na ingepita. Lakini na mimi nilikuwa nawaka. Nilitaka nione sura ya madam akifungua mlango. Nikamwandikia baba ujumbe mfupi, kwamba Bi Zuwena ameamua kwenda Riyadh nami ninamsindikiza, nikateremsha sanduku, kisha kile kiti cha magurudumu anachotumia kwa mwendo mrefu, kisha yeye mwenyewe, ngazi kwa ngazi.

Kituoni mkata tiketi, kijana mwenye ndevu zilizochongwa, alichukua kitambulisho cha Bi Zuwena na ikama yangu. Akaitazama yangu, akatikisa kichwa.

"Mafi," akasema. Hakuna. Basi la asubuhi linapitia Makka kuchukua abiria, na ikama yangu imeandikwa kwamba mimi si Mwislamu. Nisubiri basi la mchana linalozunguka.

Bi Zuwena akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Mwambie umesilimu jana. Saa moja tu, tukishapita utarudi kwenu."

"Bibi, siwezi."

"Mungu atakusamehe."

"Wa kwako au wa kwangu?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu mlangoni. Tukasubiri kwa saa sita nzima. Joto la Jeddah linashika mwilini kama nguo iliyolowa. Tukala sambusa kavu. Mwanamume mmoja Mhindi alimpisha Bi Zuwena kiti mbele ya feni, halafu akaniuliza mimi kwa Kiingereza kama nimemwiba huyu mama. Hakuwa anatania.

Nyuma ya Taif

Basi lilipopanda milima ya Taif simu yangu ilipata mtandao, na jibu la baba likaingia. Sauti, si maandishi. "Nani amekupa ruhusa? Shukeni mrudi Jeddah leo hii. La sivyo naripoti, na halas, imeisha."

Bi Zuwena akaninyang'anya simu, akaishika mbele ya mdomo kama mtu anayekula muwa, akasema kwa Kiarabu, pole pole, basi zima likisikia: "Mimi ndiye niliyemwamrisha. Msichana hakutaka. Liwe lolote, liko juu ya kichwa changu mimi. Ukimgusa huyu, umenigusa mimi." Akanirudishia simu. Alama mbili za bluu zikatokea, kwamba ameusikiliza.

Sijawahi kutetewa vile na mtu asiye ndugu yangu. Nililala njia nzima bila hofu.

Asubuhi basi lilisimama kwenye kituo cha mafuta, dakika ishirini, alisema dereva. Nikampeleka Bi Zuwena chooni, nikamkalisha kwenye benchi. Akasema, "Nenda kanitafutie chai." Nikaenda, nikapanga foleni, nikaleta kikombe cha chai ya maziwa.

Akakitazama. "Ndiyo nini hii?"

"Chai, Bibi."

"Nimekwambia chai. Hii ni maji."

Kumbe kwao Unguja kunywa chai ni kufungua kinywa, chai na mkate na kitoweo. Kwetu chai ni chai. Nikarudi foleni kununua ful, yale maharagwe ya kupondwa yenye mafuta, na mkate mkubwa wa tamizi, na nilipogeuka nikiwa na sahani mkononi basi lilikuwa linaingia barabarani. Nilikimbia. Nilipiga kelele kwa Kiarabu, kwa Kiswahili na kwa Kikamba. Likaondoka na masanduku yetu na kiti cha magurudumu.

Nilirudi benchi na hasira, na yeye amekaa tu. "Lete hiyo ful kabla haijapoa," akasema.

Nilitaka kumwagia. Badala yake tulikula, kwa sababu njaa ilikuwepo, na ile ful ilikuwa tamu, sitaikana. Muuza duka, Myemeni, alimpigia simu mtu anayemjua, huyo akampigia dereva, na dereva akakubali kusubiri kituo kinachofuata kwa nusu saa, si zaidi. Lakini tungefikaje? Msudani mmoja aliyekuwa akijaza mafuta alisikia. Alikuwa na mkewe na watoto watatu kwenye gari dogo. Akawahamisha watoto wakakaliana mapajani, akatuingiza.

Mkewe alitupa tende na karanga. Akaniangalia nikimfunga Bi Zuwena mkanda, akasema, "Una bahati, hajja. Mabinti wa siku hizi hawasafiri na mama zao." Nikafungua mdomo kumsahihisha. Bi Zuwena akanifinya paja, akamjibu mwanamke, "Alhamdulillahi." Nami nikala tende.

Basi tulilikuta. Dereva, Mpakistani, alinyanyua mikono kabla sijasema chochote, nami nikasema kila nilichokuwa nacho. Hakuelewa hata neno moja. Akanipa chupa ya maji baridi.

Barazani, Al-Malqa

Namba za kufungulia mlango nilizijua. Bi Zuwena aliingia kwa fimbo, akapita sebuleni, akaingia kwenye ile baraza kubwa ya wageni yenye mazulia mekundu ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuiketia zaidi ya mara tatu, akakaa katikati. "Nifungulie mapazia," akasema.

Tulikaa siku tisa. Nilimpikia pilau, akaniambia inataka jira zaidi. Nililala kwenye godoro kando yake. Mchana alinisimulia shule yake ya Unguja na mwalimu aliyewachapa kwa rula, nami nikamsimulia kwetu Kibwezi na ninyi. Baba hakuripoti. Madam alipiga simu mara moja, Bi Zuwena akakataa kupokea. Kila siku alinifanyia mazoezi ya atakayosema. "Nitamwambia, Nawal, umeniacha mlangoni kama mtungi wa gesi. Mtu aje auchukue, asije, mamoja." Alilisema hilo la mtungi mara nyingi, akibadilisha sauti, mpaka nikalijua kwa moyo.

Walirudi mchana. Nilisikia gari, nikasimama nyuma ya kiti chake.

Reem ndiye aliyeingia kwanza. Alimrukia bibi yake, amemletea kipepeo cha kujipepea chenye maua, anamfungulia na kumfungia usoni. Nyuma yake madam, amechomwa na jua puani. Alisimama mlangoni mwa baraza. Kisha akapiga magoti, akamshika mama yake miguu, akalia kwa sauti, akisema aliogopa, daktari alimwonya kuhusu moyo, alishindwa kumwambia, kila siku kule alimkumbuka, hakufurahia kitu. "Nani amekuleta njia yote hii, Mama? Ungekufa njiani."

Nilisubiri mtungi wa gesi.

Bi Zuwena akampapasa kichwa. Akasema kwa Kiarabu, na Kiarabu changu kinatosha kwa hayo: "Mimi mtu mzima, najua nini. Huyu Mkenya ndiye aliyenileta. Alisema hawezi kukaa Jeddah."

Nilimtazama baba. Sauti ya Bi Zuwena ilikuwa ndani ya simu yake, ile simu aliyoishika mkononi. "Juu ya kichwa changu mimi," alisema ndani ya basi. Alikuwa ameisikiliza, nilikuwa na alama mbili za bluu. Yeye akatazama funguo za gari, akazizungusha kwenye kidole.

"Halas," akasema. "Imeisha. Mama yuko salama."

"Baba, unajua si mimi," nikasema.

"Nimesema imeisha."

Madam aliinua uso uliolowa. "Nilikuamini, Mwende. Nilikukalisha mezani kwangu."

Nikamwambia, "Ulinikalisha nikudanganyie mama yako." Nililisema kwa Kiarabu kibovu, lakini alilielewa, maana alisimama, akanionyesha jikoni kwa mkono.

Siku ya nne tiketi yangu ya kurudi nyumbani ilikuwa tayari. Miezi minne ya mkataba ikafa hapo. Siku hizo zote nilimpelekea Bi Zuwena chakula na kutoa vyombo, na hakuniangalia. Nilipokuwa nikitoka na sanduku alikuwa barazani pale pale. Akanyoosha mkono nimpe wangu. Niliupita.

Lujain alinifuata mpaka getini. "Nilitaka kukuambia siku ile, kwenye kile kituo," akasema.

"Ungeniambia."

Akainamisha kichwa. Ni mtoto, najua. Sikumpunguzia.

Kibwezi

Basi nilirudi kama mtu aliyefukuzwa, na ninyi mkanipokea kama mtu aliyetoka Ulaya. Mlikuja stendi na nyimbo. Ningewaambiaje pale?

Juzi Ijumaa simu ililia, namba ya Jeddah. Nilikuwa nachambua ndengu uani. Niliiacha ikalia mpaka ikakata. Ikalia tena. Mara ya tatu nikapokea.

"Mwende. Wamenirudisha Sharafiya," akasema Bi Zuwena, bila salamu. "Walinikalisha wiki tatu. Wameniletea msichana mwengine, mzuri tu, hanifahamu nami simfahamu. Tunaoneshana kwa vidole."

Nikaokota jiwe kwenye ndengu, nikalitupa.

"Hujambo lakini?"

"Bibi, ulisema mimi ndiye niliyekuleta."

Nilisikia kiyoyozi chake kikinguruma. Nilidhani atasema hakumbuki. Wazee wanaruhusiwa kusahau, na nilikuwa nimejiandaa kukata hapo hapo.

"Nilisema," akajibu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ningemwambia kweli, asingekuja tena. Namjua. Ana aibu kubwa, hukimbia. Wewe ukifukuzwa una kwenu, utapanda ndege utafika kwenu, watu watakupokea. Mimi nikifukuzwa na Nawal naenda wapi? Unguja hakuna anijuaye." Akavuta pumzi. "Nilipima, nikakutupa wewe. Sikukupigia kukudanganya."

"Hukunipigia kuniomba msamaha?"

"Hilo nalo. Lakini najua hutonipa leo."

Nikamwambia kweli, kwamba bado nimekasirika, nimemkasirikia yeye kuliko madam, kwa sababu madam sikumtegemea. Nikamwambia nilikuwa napoteza kazi na yeye akipapasa kichwa cha mtu mwingine.

"Kasirika," akasema. "Una haki. Ila usiikate simu."

Sikuikata. Nikaiweka juu ya kigoda, nikaendelea na ndengu. Upande wa pili nilisikia fimbo yake ikigonga sakafu, akienda na kurudi, na yule msichana akimuuliza kitu kwa lugha nisiyoijua, na yeye akijibu kwa Kiswahili, neno moja moja, kwa sauti kubwa, kana kwamba sauti ndiyo iliyopungua. Tulikaa hivyo muda mrefu, mpaka mtandao ulipokatika wenyewe.